Ngamia wa Pushkar na mwezi mpevu: uende lini, uangalie nini

Swali: Assalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa sekondari Mombasa. Nilipokuwa mtoto, kwenye duka la mtaa wetu palitundikwa kalenda yenye picha ya ngamia waliopambwa katika jangwa la Rajasthan, India, na picha ile haijanitoka. Mwaka huu wa 2026 nimeweka akiba nimpeleke mama yangu (ana miaka 64 na magoti yanamsumbua) pamoja na binti yangu wa miaka 15 kwenye tamasha la ngamia la Pushkar. Mwenzangu wa kazini aliyekwisha kwenda ananiambia nisitupe pesa: ngamia wamekwisha, yamebaki maonyesho ya watalii. Ni kweli? Na kama twende, twende lini? Je, sisi wanawake Waislamu na mabuibui yetu tutapata nafasi pale, au tutakuwa wageni wa kutazamwa?

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Umeuliza maswali matatu, nami nitayajibu yote, ila si kwa mpangilio ulioyauliza, kwa sababu la pili ndilo linalofungua la kwanza.

Nianze na mwenzako. Sidhani amekudanganya. Nadhani alichelewa. Nami nilichelewa mara yangu ya kwanza. Nilisikia kwamba kilele cha Pushkar ni mwezi mpevu wa mwezi wa Kihindu uitwao Kartik, nikapanga nifike siku ile ile, kama mtu anavyopanga kufika harusini siku ya harusi. Mjini watu walikuwa hawapenyeki. Lakini nilipotoka kwenda uwanja wa mchanga ulio kando ya mji nilikuta samadi, majivu ya mioto ya usiku, vipande vya kamba na wazee wawili wakifunga mizigo yao. Ngamia walikuwa wameondoka siku tatu nyuma. Nilijawa na uchungu, mpaka mmoja wa wale wazee akanieleza, nami kwa Kihindi changu cha kuokoteza nikamwelewa: mfugaji amekuja kuuza, akishauza, akae afanye nini?

Kumbe Pushkar kuna shughuli mbili zinazotumia mwezi mmoja. Ya kwanza ni mnada wa mifugo, na huo huanza kujaa zaidi ya wiki moja kabla ya mwezi kuwa mpevu. Ya pili ni hija ya Wahindu, ambao huja kuoga katika ziwa takatifu kuanzia siku ya 11 ya mwezi mchanga hadi usiku wa mwezi mpevu wenyewe. Watu wa mnada wanatoka wakati ambapo watu wa hija wanaingia. Kwenye matangazo mambo hayo mawili yamefungwa kifurushi kimoja, na mgeni hupelekwa siku za mwisho kwa kuwa ndizo zenye mashindano, fataki na jukwaa. Ndiyo maana wengi hurudi nyumbani wakisema ngamia wamekwisha.

Mwaka huu mwezi mpevu wa Kartik ni tarehe 24 Novemba. Ungekuwa dada yangu wa tumbo moja ningekwambia: fikeni tarehe 14 au 15, mkae hadi 21 au 22. Mtauona mnada ukiwa umefurika, mtaziona siku za kwanza za kuoga ziwani, na mtaondoka kabla ya ule msongamano wa mwisho, ambao si wa mtu mwenye magoti mabovu. Bei za vyumba nazo hupanda kadiri mwezi unavyojaa, kwa hiyo mtaokoa pesa pia.

Pengine binti yako atauliza kwa nini iwe Kartik na si mwezi mwingine. Muulize kwanza yeye mvua za India zinakatika lini. Monsuni huondoka Rajasthan Septemba. Uwele, ambao ndio chakula cha jangwa la Thar kama mahindi yalivyo kwetu, huvunwa baada ya hapo. Kufikia Kartik mkulima ana pesa mkononi na anajua anahitaji mnyama gani. Mfugaji naye ana madume machanga yaliyonenepa kwa majani ya mvua. Siku hiyo ya 11 ya mwezi mchanga Wahindu huamini kwamba mungu wao Vishnu anaamka kutoka usingizi wa miezi minne, na harusi zinaruhusiwa tena. Bwana harusi wa kule huenda kwa bibi harusi juu ya farasi, kwa hiyo farasi nao wanatafutwa. Na mwezi mkubwa ni taa ya bure kwa mtu anayeswaga wanyama usiku kucha ili kukwepa jua. Ukiyapanga hayo pamoja unaona kwamba mnada huu haukutungwa na mtu ofisini.

Sasa ngamia. Hapa mwenzako ana sehemu yake ya ukweli, na inaniuma kuisema.

Wanaofuga ngamia Rajasthan kwa asili ni watu waitwao Raika, au Rebari. Wana hadithi yao: mungu wa kike Parvati alifinyanga mnyama wa udongo, akamfanyia miguu mitano, akamwomba mumewe Shiva amtie uhai. Mnyama hakuweza kutembea. Shiva akausukuma ule mguu wa tano ukapanda juu ya mgongo, ndiyo nundu. Kisha ikabidi apatikane mtu wa kumchunga kiumbe huyo, akaumbwa Raika wa kwanza. Watu wanaoamini kwamba waliumbwa kwa ajili ya ngamia hawamchukulii ngamia kama bidhaa. Kwa mila ya Raika ilikuwa aibu kumchinja ngamia, aibu kumuuza jike, na hata maziwa yake hayakuuzwa. Kilichouzwa ni madume machanga, mara moja kwa mwaka, Pushkar na minada mingine michache, na pesa hiyo ndiyo iliyolisha familia mwaka mzima.

Dume lile lilinunuliwa na mkulima wa kulimia, au na mtu wa mkokoteni. Kisha ikaja trekta, zikaja lami na pikapu. Mfereji mkubwa wa Indira Gandhi ukapeleka maji jangwani, na nyanda nyingi zilizokuwa malisho zikawa mashamba. Sensa ya mifugo ya India ya mwaka 2012 ilihesabu ngamia 400,000 nchi nzima. Ile ya 2019 ikahesabu kama 250,000. Mwaka 2014 serikali ya Rajasthan ilimtangaza ngamia kuwa mnyama wa jimbo, na mwaka 2015 ikapitisha sheria ya kukataza asichinjwe na asitolewe nje ya jimbo bila kibali. Nia ilikuwa njema. Lakini mnunuzi kutoka nje ya jimbo akaogopa kuja, bei ya dume ikaporomoka, na mfugaji akajikuta na mnyama anayependwa na sheria na asiyetakiwa na mteja. Nimesikia wafugaji wakiilaumu sheria hiyo kuliko ukame, nami nadhani wana haki ya kulaumu. Mnyama wa kufugwa hulindwa na riziki anayoileta. Ukiikata riziki umemkata na yeye.

Kwa hiyo Pushkar, iliyokuwa ikipokea makumi ya maelfu ya ngamia, sasa hupokea maelfu machache. Mahali pao pamechukuliwa kwa kiasi kikubwa na farasi, hasa wale wa Marwari ambao ncha za masikio yao zimepinda kwa ndani hadi kugusana. Mnada wa farasi una uhai na pesa nyingi. Lakini maelfu machache ya ngamia uwanjani, alfajiri, kila kundi na moto wake, si jambo dogo kwa macho ya mtu aliyekua na picha ya kalenda. Mtawaona wanunuzi wakifunua midomo ya ngamia kutazama meno, maana umri wa ngamia husomwa kwenye meno. Mtaona mafundi wakinyoa manyoya kwa mkasi mpaka ubavu wa mnyama unakuwa na maua na tausi. Mtaona vibanda vya kuuza njuga, hatamu, shada za nyuzi za rangi na mikufu ya shanga, vyote kwa ajili ya mnyama, na mnunuzi akivichagua kwa makini kama mama anayechagua vazi la mwanawe wa Idi.

(Kwa mtu wa Kenya kuna jambo la kustaajabisha hapa. Nchi yako ina ngamia mara nyingi zaidi ya India nzima. Yale mnayoyaona Isiolo, Marsabit na Garissa siku ya gulio, India wangeyaona ni utajiri. Maralal nako wana mashindano ya ngamia tangu mwaka 1990. Mkirudi, mpeleke binti huko pia.)

Nije kwenye lile la maonyesho ya watalii. Wenyeji wana maneno mawili, na ukiyashika utajua kila mahali umefika wapi. Mela ni mkusanyiko: watu wamekutana kwa nadhiri, kwa biashara, au kwa vyote viwili. Mahotsav ni tamasha lililoandaliwa. Swali ninalojiuliza kila ninapofika kwenye uwanja wenye bendera ni hili: mgeni hata mmoja asingekuja leo, watu hawa wangekuja?

Tamasha la Jangwa la Jaisalmer, kwa mfano, lilianzishwa na idara ya utalii mwishoni mwa miaka ya 1970. Hufanyika siku tatu hadi mwezi mpevu wa Januari au Februari: shindano la masharubu marefu, shindano la kufunga kilemba upesi, ngamia wakicheza polo, wenyeji na wageni wakivutana kamba, na usiku wa mwisho ngoma kwenye vilima vya mchanga vya Sam, kilomita 40 hivi kutoka mjini. Wageni wasingekuja, lisingekuwapo. Lile la ngamia la Bikaner, Januari, ni la aina hiyo hiyo. Sikatazi mtu kwenda. Wapiga muziki wanalipwa, watoto wanafurahi, na kunyoa manyoya ya ngamia kwa michoro pale Bikaner hufikia kiwango ambacho sijakiona kwingine. Ila usiende ukidhani unaona mila ikijitokeza yenyewe.

Nagaur, kwa upande mwingine, Januari au Februari, ni mnada wa ng'ombe, nao wanunuzi huja kwa ajili ya madume ya Nagauri yenye sifa ya kukimbia na mkokoteni. Tilwara, wilaya ya Balotra, mnada wa Mallinath hufanyika Machi au Aprili kwenye kitanda kikavu cha mto Luni. Huko mtalii ni nadra, hoteli ya maana hakuna, na mama angeteseka. Nakutajia ili ujue kwamba zipo, na kwamba zingekuwapo bila sisi.

Pushkar iko katikati. Upande mmoja wa uwanja kuna jukwaa la serikali na shindano la masharubu, upande wa pili mzee anahesabu noti za ngamia wake wa mwisho. Mwenzako alitazama upande mmoja tu.

Iko mela moja ambayo siwezi kuandika juu ya Rajasthan bila kuitaja, ingawa haitaingia kwenye safari yenu kwa kuwa huwa Agosti au Septemba. Ni ya Khejarli, kijiji karibu na Jodhpur. Mwaka 1730 watu wa mtawala wa Jodhpur walikwenda kukata miti ya khejri kwa ajili ya ujenzi wa jumba lake. Watu wa kijiji walikuwa Wabishnoi, ambao dini yao inawakataza kukata mti mbichi na kumdhuru mnyama. Mwanamke mmoja, Amrita Devi, akaukumbatia mti. Wakamuua. Wakafuata binti zake, wakafuata wengine kutoka vijiji vya jirani, hadi waliouawa wakafika 363. Kila mwaka Wabishnoi hukusanyika pale, wanawake kwa mavazi mekundu na dhahabu zao zote mwilini. Hakuna mbio za ngamia, hakuna jukwaa la masharubu. Watu wanasimama chini ya miti ya khejri, mti ambao mababu zao waliufia. Nilikwenda mara moja na sikuweza kupiga picha hata moja.

Sasa swali lako la tatu, ambalo naona ndilo lililokukalia moyoni.

Sitakuficha: India ya leo ina mivutano ya kisiasa baina ya Wahindu na Waislamu, na utaisikia ukifungua redio. Lakini Rajasthan ya mela imefumwa kwa nyuzi za pande zote mbili, na kuzitenganisha ni kuichana nguo. Chukua muziki. Sauti mtakayoisikia kila tamasha la jangwani, ile nzito inayopanda kana kwamba inatoka kisimani, ni ya Wamanganiyar na Walanga. Ni Waislamu. Kwa vizazi na vizazi wamekuwa waimbaji wa familia za wenyeji, Wamanganiyar hasa kwa Wahindu wa ukoo wa Rajput: mtoto akizaliwa wanaitwa, harusi wanaitwa, msibani wanaitwa, na wao ndio wanaohifadhi vichwani nasaba ya familia hiyo. Wanazo nyimbo za kumsifu Krishna, mungu wa Wahindu, na wanazo kaswida za masufi, na kinywa ni kile kile. Vyombo vyao ni kamaicha, ya kupigwa kwa upinde na yenye tumbo la ngozi ya mbuzi, na khartal, vibao vinne vya mti, viwili kila mkono, vinavyogonganishwa kwa kasi hadi jicho linashindwa kufuata. Hadi miaka ya 1960 muziki huo ulikuwa ukisikika nyumbani kwa wafadhili wao tu. Mtafiti Komal Kothari, aliyefariki mwaka 2004, alitumia maisha yake kuwarekodi na kuwasimamisha majukwaani, na leo wanaimba duniani kote. Mkipata nafasi ya kuwasikia wakiwa wanne au watano chini ya mti, bila spika, kaeni hapo hata kama mtakosa mashindano.

Chukua tena Ramdevra, karibu na Pokaran. Agosti au Septemba mamia ya maelfu ya watu hutembea kwa miguu, wengine kwa siku nyingi, hadi kwenye kaburi la Baba Ramdev, wakibeba farasi wadogo walioshonwa kwa kitambaa. Wahindu humwona ni umbile la mungu wao. Waislamu wa huko humwita Ramsha Pir. Wanawake wa jamii ya Kamad hukaa chini na kupiga matuazi 13 waliyojifunga miguuni na mikononi, na hawakosei. Wafuasi wake wengi ni wale ambao tabaka za juu ziliwatupa chini, na mimi naamini hiyo ndiyo sababu kubwa ya umati ule: kwake hakuna anayeulizwa amezaliwa na nani.

Na kuna Ajmer, ambayo inafaa kuwa sehemu ya safari yenu kwa hali yoyote. Kutoka Pushkar ni kilomita kama 15 tu, unavuka kilima. Hapo amelala Khwaja Moinuddin Chishti, walii aliyefariki mwaka 1236, Rajabu 6. Kila Rajabu hufanyika hauli yake, inayoitwa Urs, neno la Kiarabu lenye maana ya harusi, kwa kuwa kwa masufi kifo cha walii ni siku ya kuungana na Mpenzi wake. Watu wa Lamu na Mombasa hawahitaji kuelezwa. Anayejua Maulidi ya Lamu, ziara ya Habib Swaleh na matari yake, atajua mahali pa kuweka miguu. Bendera hupandishwa kwenye lango kubwa, qawwali, yaani nyimbo za kisufi, huimbwa usiku hadi alfajiri, na chakula hupikwa katika masufuria mawili makubwa kuliko yote niliyowahi kuona, moja lililotolewa na mfalme Akbar na jingine na mwanawe Jahangir. Akbar mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Agra hadi pale mwaka 1570 kutimiza nadhiri aliyoweka ili apate mtoto wa kiume. Tena nusu ya wanaoingia kuweka maua, kwa makisio ya macho yangu, ni Wahindu.

Mwaka huu Rajabu inatarajiwa kuandama karibu na tarehe 10 Desemba, kwa hiyo hauli haitakutana na mnada wa Pushkar. Lakini kaburi hufunguliwa kila siku. Alhamisi jioni kuna qawwali na watu wengi. Mama akitaka utulivu, nendeni asubuhi ya siku nyingine. Buibui na mtandio ndivyo vazi la heshima pale. Na Pushkar kwenyewe mtaangaliwa, ndiyo, kwa sababu watu wa vijijini huangalia kila kitu kipya, na watawauliza mmetoka wapi. Wanawake wa jangwani wenyewe hujifunika nyuso kwa mtandio wakipita mbele ya wakwe. Mama akikaa karibu nao, ndani ya dakika tano watakuwa wanashika kitambaa cha buibui na kumwonyesha bangili zao.

Hapo kwenye vitambaa nisimame kidogo, maana najua nawaandikia wanawake wa pwani. Mgeni husema watu wa jangwani wanapenda rangi kali kwa kuwa ardhi yao haina rangi. Huenda. Mimi nimejifunza kwamba rangi pale zinasomwa. Kilemba cha mwanamume humwambia ajuaye ni wa jamii gani, ametoka sehemu ipi, na kama nyumbani kwake kuna harusi au kuna matanga. Mwenye msiba hufunga cheupe au rangi iliyofifia. Leheriya, kitambaa chenye mistari ya mawimbi, huvaliwa msimu wa mvua, kwenye sikukuu ya wanawake ya Teej, Julai au Agosti, wakati bembea zinafungwa mitini. Bandhani ni ile ya nukta nyingi ndogo: kila nukta imefungwa kwa uzi na vidole vya mwanamke kabla nguo haijatiwa rangi, na nguo moja nzuri ina maelfu ya vifundo. Mwonyeshe mama, kisha mwambie aikumbuke kisutu ya harusi na nukta zake. Kachchh, iliyopakana na Rajasthan kwa kusini, ndiko walikotoka Wahindi wengi wa Zanzibar na Mombasa, na biashara ya nguo ilikuwa mikononi mwao. Mkinunua bandhani, ulizeni mpate isiyoondolewa nyuzi bado: ikiwa imekunjamana na vifundo viko mahali pake, ni ya mkono; nyuzi mtazivuta wenyewe nyumbani. Zilizochapwa kwa mashine zimelala bapa.

Wacheza ngoma wenye marinda meusi yaliyotariziwa rangi, wanaozunguka kama pia, ni Wakalbelia. Walikuwa wakamata nyoka. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1972 ilipopiga marufuku kazi hiyo, ngoma ya wanawake wao ndiyo iliyobaki kuwa riziki, na mwaka 2010 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Mmoja wao, Gulabo Sapera, alitunukiwa nishani ya Padma Shri mwaka 2016. Mkicheza nao au mkiwapiga picha, walipeni bila kuvutana. Ni kazi yao.

Yaliyobaki ni ya safari.

Viza ya India kwa Mkenya huombwa kwa mtandao. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni ya lazima kwa anayetoka Kenya, na chanjo iwe imepita siku 10. Wanaweza kuwaweka karantini mkishuka kwenye ndege msipokuwa nayo, na hawana mzaha. Kutoka Nairobi hadi Mumbai ndege ipo ya moja kwa moja. Kituo chenu cha treni ni Ajmer, kisha basi au teksi hadi Pushkar. Agizeni vyumba sasa, si Oktoba. Hema za kifahari zilizo uwanjani ni ghali. Vyumba vya kawaida karibu na soko vinatosha, ila ulizia cha chini kwa ajili ya mama.

Pushkar ni mji mtakatifu: hakuna nyama, hakuna mayai, hakuna pombe. Mtakula mkate wa uwele na samli, dengu, na ker sangri, mboga ya matunda na maganda ya miti ya jangwani, ambayo ni chungu kidogo na tamu sana. Ziwa limezungukwa na safu 52 za ngazi za kuteremkia majini. Viatu huvuliwa mbali kabla ya kufika majini, na waogaji hawapigwi picha. Mmwambie binti hilo la simu mapema.

Tena jambo moja: kando ya ziwa watu watawapa maua mkononi kwa upole, watawaongoza hadi majini, watawasomea dua, watawafunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono, na hapo ndipo watataja kiasi kikubwa cha sadaka. Nyinyi si watu wa ibada hiyo, kwa hiyo kataeni maua tangu mwanzo, mkono kifuani, na msimame juu ya ngazi. Hakuna atakayechukizwa. Uzi wa dini ya mtu usivaliwe kwa kuona haya.

Uwanja wa mnada una vumbi la kukausha koo, na mama asiende mchana. Mchukulieni mkokoteni wa ngamia alfajiri, saa kumi na mbili, mrudi saa tatu. Baridi ya alfajiri hushuka hadi karibu nyuzi 10, kwa hiyo shali nzito ni lazima, na soksi.

Siku moja badala ya uwanjani pandeni kwenye kilima cha Savitri. Wahindu wanasimulia kwamba huyu ni mke wa mungu wao Brahma aliyechelewa kwenye tambiko, mumewe akaoa mwingine papo hapo, naye akamlaani asiabudiwe popote isipokuwa Pushkar, kisha akapanda mlimani na hajashuka hadi leo. Ngazi ni nyingi, lakini kuna vigari vya kuning'inia kwenye waya, mama atakaa tu. Kutoka juu, asubuhi, mtaliona ziwa upande mmoja, na upande wa pili uwanja mzima wa mchanga, moshi wa mioto ya chai umelala chini kama ukungu, na ngamia wakianza kusimama mmoja mmoja.